Koti la Mashine

Mjomba Kanji,

Shikamoo. Wa kuniitikia marahaba hayupo, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Wanao walikuchoma kwa desturi yenu na majivu wakayatia baharini, kwa hiyo sina kaburi la kuja kusimama nikasema yangu. Nimekaa kibarazani kwetu Mlandege, duka lako limefungwa mbele yangu, naandika. Kulia nilishalia. Leo nimekasirika.

Unakumbuka msimamizi wa wodi yetu alivyokuja dukani na kitambaa cha mahameli nyekundu? Alitaka umshonee kifuniko cha mashine mpya iliyoletwa na wafadhili. Mama alikuwa ndani akikupigia pindo, nami nilikuwa nimepita kuchukua sare yangu ya kazi. Ulikigeuza kitambaa ukasema, "Koti la mashine! Kwani inaona baridi?" Mama alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Ukaniuliza mashine yenyewe inafanya nini. Nikakueleza kuwa ni ndogo, kiasi cha redio ya mkononi, inashika bomba la sindano na kusukuma dawa ya maumivu kidogo kidogo chini ya ngozi, mchana na usiku, ili mgonjwa asiyepona asisubiri maumivu yarudi ndipo achomwe tena. Ukasema kitu cha maana hivyo kinastahili mshono wa maana, ukakitia utepe wa dhahabu ambao hukuambiwa uutie.

Nyumba zetu unazijua. Kitu kipya hakiguswi. Makochi yanabaki na nailoni zake, vikombe vizuri ni vya wageni. Ya nyumbani sina ugomvi nayo, lakini nani alituambia wodi nayo ni sebule? Mashine ilivishwa koti lako, ikawekwa kwenye kabati la vioo, ikapigwa kufuli. Wakija wageni inafunuliwa, inapigwa picha, inafunikwa. Sisi tunaowageuza wagonjwa vitandani tuliambiwa tusiiguse mpaka tupate mafunzo. Na mafunzo yalipopatikana, waliopanda boti hapa bandarini Malindi kwenda Dar ni watu wawili wa ofisini ambao sijawahi kuwaona wakishika hata beseni la mgonjwa. Walirudi na vyeti na mikoba mipya. Tukawaomba watufundishe, wakasema watapanga siku. Hawakuipanga.

Kisha ukaletwa wewe.

Saratani ilishaingia mifupani. Kitanda chako kilitazamana na lile kabati. Nilikuchoma sindano, ukatulia, na kabla ya saa ya dawa nyingine maumivu yakarudi, ukawa unauma shuka ili wenzako wasikusikie. Asubuhi moja ukanyoosha kidole. "Saumu, lile si koti langu?" Nikasema ndilo. "Na mashine imo ndani?" Nikasema imo. Ukanitazama, tena kwa upole, ndilo linaloniuma mpaka leo. Ukasema, "Basi ivueni koti."

Nilikwenda kwa msimamizi. Nikaenda na kwa mmoja wa wale wenye vyeti, nikamkuta anakunywa chai. Akaniambia, "Mashine ya watu ile, Bi. Saumu, msije mkatuharibia." Mashine ya watu! Na wewe ulikuwa nani, Mjomba? Ukafa na shuka mdomoni. Watu wananiambia siku zako zilifika. Zilifika, sibishi. Lakini maumivu yale yalikuwa na dawa, na dawa ilikuwa na njia, na njia ilikuwa imefungiwa kabatini na binadamu mwenye ufunguo mfukoni.

Basi sikia yaliyofuata. Nilikataa kunyamaza. Kila kikao nilikutaja, mpaka nikiinua mkono watu wakawa wanainamisha vichwa. Mwishowe daktari wetu akaniunga mkono, akampigia simu muuguzi mmoja wa Dar, Sista Neema, anayewahudumia wagonjwa wa namna yako, naye akaja katika likizo yake. Ufunguo ukatolewa. Sista Neema alijaza bomba maji matupu, akatufanya kila mmoja wetu alifunge, aiwashe mashine, aizime, arudie, mpaka mikono ikazoea. Kengele ya mashine ilipolia mara ya kwanza, Bi. Asha, mtu mzima aliyezalisha nusu ya Unguja, alipiga Bismillahi akaifunika kwa koti lako kama anayefunika kuku. Tulicheka sana. Tukafundishwa kuwa ikilia haijaharibika, inaomba itazamwe: pengine bomba limekaa vibaya au mpira wa kupitishia dawa umejikunja. Hakuna aliyeshindwa, hata Bi. Asha. Ndiyo maana hasira yangu imezidi badala ya kupungua. Lilikuwa jambo la siku chache tu, Mjomba, la siku chache! Wale wa vyeti walitokea siku ya mwisho kupiga picha. Wao wako mbele, mimi naonekana sikio.

Sasa mashine iko Chwaka kwa Bi. Mtumwa, mkulima wa mwani aliyeomba amalizie siku zake kwake. Tunakwenda kila siku kumbadilishia dawa. Hakuwa na cha kuibebea, ikawa inamtoka mkononi kila akigeuka. Nikalichukua koti lako nikalifumua, na mama akalishona upya likawa mfuko wenye mkanda wa begani. Utepe tuliuacha. Mfuko huo anauvaa chini ya kanga. Juzi nilipomwamkia aliniambia, "Marahaba, mwanangu. Jana nnekaa uani na wajukuu zangu, nkacheka."

Na jana nimeitwa ofisini. Wafadhili wanakuja, kwa hiyo mashine irudi kabatini ionekane, nami nijieleze kwa nini nimeharibu kifuniko ambacho ni mali ya wodi. Nimvue Bi. Mtumwa, arudi kuuma shuka kama wewe, ili wageni waone kitu kinang'aa! Wamesema naweza kuhamishwa. Naogopa, sikufichi, watoto wangu bado wanasoma hapa mjini. Lakini kesho nitakwenda na nitawaambia hivi: wageni wakitaka kuiona, njia ya Chwaka inapitika. Wataikuta kazini.

Niishie hapa. Mama ananiita nimtilie uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yake hayalioni tena tundu, na mtu wake wa kumtilia ulikuwa wewe. Pumzika, Mjomba wangu. Waniache hapa au wanipeleke wanakotaka, nakuahidi kwamba penye mgonjwa anayeumwa, nami nikiwapo, hakuna mashine itakayokaa imefunikwa.

Tumeivua koti, Mjomba. Haitalivaa tena.

Saumu