Santuri ya Arobaini na Moja

Jumapili, 4 Februari 2018

Leo baada ya misa Ngeleka, mwimbaji wangu mmoja, amenivurugia mazoezi ya kwaya. Amekuja na kispika chake kidogo, akakiweka juu ya ogani yangu — bila kuniuliza! — akawasikilizisha sonata ya violini. Akina mama wa soprano wakapiga vigelegele. Kwa violini! Miaka kumi na miwili nawafundisha, hakuna aliyewahi kunipigia vigelegele.

Nikamuuliza ameitoa wapi. Ameinunua kwenye intaneti leo asubuhi, mke wake akiwa anampigia shati pasi. "Dakika tatu, tata Kalenga. Haikufika hata ine."

Mimi pia nilinunua muziki wangu, simfoni moja, tangu Alhamisi. Hadi jioni hii imeshuka asilimia thelathini na moja tu.

Jumanne, 6 Februari

Modemu nimeitundika dirishani, nyuma yake kifuniko cha sufuria ili kidake mawimbi. Nimepima kasi. 0.3! Ngeleka anapata megabiti ishirini. Ni fundi umeme, kazini kwake ndiko walikompa antena. Anakaa Kasulo, ng'ambo ya barabara, na antena yenyewe inaonekana ukisimama mlangoni pa choo changu. Yaani kila asubuhi naanza siku nayo.

Saa nane simfoni ilifika themanini na nane. Umeme ukakatika. Uliporudi, sifuri. Tena tovuti inasema nimeshamaliza nafasi zangu tatu za kupakua, labda nilipe upya. Mke wangu Mignonne amecheka mpaka akakaa chini. Eti nimenunua upepo, na upepo wenyewe umekwama njiani.

Ndiyo, nina wivu. Wivu mkavu, wa tumboni. Hapa naweza kuuandika.

Ijumaa, 9 Februari

Nimemeza mate nikaenda kwake kuomba intaneti. Nilitaka anikatalie, angalau nimchukie vizuri. Wapi! Akanipa code palepale. "Kuja tu, tata Kalenga. Intaneti haiishe juu ya batu babili." Nikalipa upya, simfoni yangu ikashuka dakika nne. Nimeinunua mara mbili, na imekuja kwa hisani yake.

Kisha nikaona karatasi kwenye mlango wa kabati. Orodha ya muziki, namba moja hadi arobaini na moja, karibu zote zina alama ya kalamu. Nikasoma. Kufika namba ya tano nikarudi juu, nikasoma upya: zote nilizijua.

Akanieleza. Baba yake alikuwa karani hapa Kolwezi, na alikuwa na santuri arobaini na moja. Mwaka 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai kama wao, walipofukuzwa hapa Katanga, walilala gare wiki tatu wakingoja treni. Ngeleka alikuwa na miaka saba. "Kasha ya madisque baba aliiacha kwa jirani, mutu wa kanisa. Siku kidogo tu, alisema. Baba alikufia mu gare, mbele ya treni kufika." Jina la jirani mama yake hakulishika. Sasa Ngeleka ananunua tena zote, moja moja, mpaka zitimie. Amebakiza moja.

"Ile haiko kwa intaneti. Ni kwaya ya paroisse, ya kanisani, ya 1974. Baba ndiye anaimba solo."

Nikamuuliza baba yake aliitwa nani. Tshiamala.

Tata Tshiamala, jirani yetu wa camp ya wafanyakazi. Kasha lake liko chini ya kitanda changu.

Nilisema "pole". Nikamaliza chai yake, nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 10 Februari

Niandike ukweli. Baba yangu alilichunga lile kasha miaka kumi na moja, hakuruhusu mtu kulifungua. Alipofariki nikalifungua mimi. Muziki wote ninaoujua nimeutoa mle. Ile solo ya 1974 nimeifuata pumzi kwa pumzi, mpaka watu wanasema Kalenga ana sauti. Sauti ya nani!

Ngeleka ana megabiti ishirini, ana vigelegele, ana kispika. Hiki kimoja hana. Ninacho mimi.

Jumatano, 14 Februari. Majivu

Watu wa serikali wamepita Kasulo na rangi nyekundu. Namba kwenye kila ukuta upande ule wa barabara. Eneo limepewa kampuni ya kobalti, watu watoke kabla mwezi haujaisha. Na ardhi yenyewe imechoka. Jana huko jiko la mama Henriette limezama lote shimoni, majirani wamechimba kobalti hadi chini ya mafiga yake. Bahati alikuwa sokoni.

Ngeleka hakuchimba hata kikombe cha udongo. Namba yake ni 212, chini kidogo ya antena.

Bombani mtu mmoja akasema, basi barudi kwabo Kasai. Maneno yaleyale ya 1993, nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilinyamaza wakati ule. Leo nimejaza ndoo yangu nikaondoka.

Na nilifurahi. Kidogo, lakini nilifurahi, kwamba antena itashuka. Kisha nikaenda kupakwa majivu.

Jumamosi, 17 Februari

Mignonne amenikuta nikiwa nimekaa sakafuni na santuri ya kwaya magotini. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele, bora angepiga.

"Bitu bya batu, Kalenga. Baba yako alichunga. Weye unaiba."

Nikamwambia nitarudisha. Lini? Baada ya Pasaka, nikasema, kwaya inaihitaji. Akaniuliza tangu lini kwaya inaimba chini ya kitanda.

Jumatatu, 19 Februari

Mazoezi. Ngeleka hakuja, anafungua mabati ya paa lake. Nimeimba ile solo ya 1974 mwenyewe. Akina mama wamepiga vigelegele! Nimevingoja miaka kumi na miwili, na leo nilitaka wanyamaze.

Alhamisi, 22 Februari

Lori limesimama barabarani. Ngeleka na familia wanahamia Tenke kwa shemeji yake, chumba kimoja, watu saba. Asubuhi amevuka barabara na katoni kubwa, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Kompyuta, na diski yenye muziki wote, namba moja hadi arobaini. Njiani kuna vizuizi, wanapekua, vitu vinapotea. Hawezi kusafiri nayo.

"Uniwekee, tata Kalenga. Siku kidogo tu. Mama alikuwaka anasema: kitu cha maana unaacha kwa mutu wa kanisa."

Nikajibu ndiyo. 

Ameiweka juu ya kitanda, amerudi kupakia godoro. Amesema anakuja tuisukume pamoja chini ya kitanda, aone inalala wapi, amwambie mke wake. Sasa ninayo yote. Arobaini zake na ile moja, katika chumba kimoja. Nilidhani mtu akipata yote hivi wivu unaisha.

Nimejaribu kuisukuma peke yangu. Haiingii, kasha la baba yake limejaza nafasi yote. Nimelivuta nilifiche nyuma ya kabati, likakwama nusu nje, jina TSHIAMALA limetazama mlango. Limeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa marehemu mwenyewe. Nimeketi sakafuni, nimeshika kalamu kwa sababu sijui nishike nini.

Mignonne yuko uani. Ameacha mlango wa chumba wazi, makusudi, namjua.

Dereva anapiga honi. Viatu vya Ngeleka barazani. Mignonne anamwambia:

"Ingia tu, tata Ngeleka. Eko mu chumba, anakungojea."