Mikoko Nyuma ya Karakana ya Ami

Mjambere, Kisauni,
Mombasa.
14 Oktoba 2025

Mpendwa dada Shaza,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai wewe na shemeji hamjambo huko Maskati, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama bado anagombana na paka wa jirani, na paka ndiye anayeshinda.

Nimeogopa kukupigia simu kwa sababu sauti yangu ungeitambua mara moja. Unajua kwamba karakana ya sabuni ya Ami, baba yako, imefungwa tangu mwezi jana. Usilojua ni kwamba aliyeifungisha ni mimi.

Ile kazi yangu unayonitania kwamba nalipwa kutazama mawingu ni hivi. Setilaiti ndogo, ukubwa wake kama kasha la viatu, hutupigia picha za pwani. Kamera zake huichambua nuru kuwa mamia ya rangi, nyingi hatuzioni kwa macho. Mkoko ukianza kuugua, picha hujua hata kama majani yangali kijani. Basi nikaona mikoko ya hori, ule mkono wa bahari ulio nyuma kabisa ya karakana ya Ami, inaugua.

Lakini picha haisemi mti umeuguzwa na nini. Kanuni yetu ni kwenda pale pale, upime maji na majani, ndipo uandike. Na njia ya kufika pale yapita mlangoni kwa Ami. Unamjua baba yako. Ningeingia kumwamkia, ningeletewa chai, kisha angeniuliza, "Haya mwanangu, leo wafuata nini huku?" Ningemjibu nini? Niliona haya, Shaza, sikwenda. Nikaandika tu kwamba yanayoshukiwa ni maji ya sabuni, na wakubwa wakaifunga karakana.

Juzi alikwenda Wafula, mwenzangu wa kazini, mtu wa bara asiye na wa kumwamkia njia ile. Akakuta wanaojenga nyumba mpya wamemwaga kifusi kwenye mkondo. Maji ya bahari hayaingii wala hayatoki, na mikoko imesimama katika maji yaliyooza. Alipima, hakuona hata dalili ya sabuni.

Lililonichoma zaidi ni sahani ya mkate wa sinia aliyotuma Ami wiki iliyopita, na maneno juu yake: "Mwambieni Samiha, yeye aonaye kutoka juu, anisaidie waone kuwa sikuua mti." Wallahi ule mkate sikuugusa.

Ripoti nimeisahihisha na nitaifuatilia kila asubuhi. Wanasema karakana itafunguliwa, siku hawaitaji. Jana niliirudisha sahani, nimeijaza tende, nikamweleza yote nikiwa mlangoni. Kisha akasema, "Lau ungalinipita siku ile bila salamu, mwanangu, ukaenda kupima, ningalikusamehe." Hakuniambia niketi.

Nikasirikie, dada, nimestahili. Ila usiache kumpigia simu, siku hizi anashinda peke yake.

Mama anakusalimu sana. Mdogo wangu Suleiman anakusalimu na anaulizia ile kanzu. Sheikha wa dukani naye anasema amekukumbuka. Salamu za baba yako, ambazo huziandika kwanza kila barua, safari hii sina. Nilizingojea pale mlangoni, hakunipa.

Mola akuhifadhi ugenini na akulainishie moyo juu yangu.

Wako akupendaye, hata ukinichukia,
Samiha