Mkusanya Madeni Amefika Mlangoni, na Mimi Sitaki Kujificha

Shangazi Eirlys mpendwa,

Nahitaji msaada wako hapa kwenye safu yako ya gazetini, na barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana, kwa sababu kwetu hatujazoea kuomba, lakini safari hii nimekwama.

Naitwa Nerys Pugh, jina liache hivyo hivyo usilifiche, naishi na mama yangu hapa Blaenau, mji wetu mdogo wa Kiwelisi milimani, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika ukoo wetu kwenda chuo kikuu, nikaenda kusomea uhasibu huko upande wa Uingereza, na benki ikanifungulia akaunti ya mwanafunzi yenye ovadrafti, ile ruhusa ya kutoa pesa hata kama huna, bila riba maadamu unasoma, nami nikaitumia kama wenzangu wote walivyoitumia, kodi ya chumba, nauli ya treni, chakula, na sitakudanganya, viatu pia. Mwaka wa pili mama akapata kiharusi. Nyumbani tuko wawili tu, kwa hiyo nikarudi kumuuguza, na masomo yakaishia hapo, na benki ilipojua kwamba mimi si mwanafunzi tena ikaanza kutoza riba na ada, deni likapita pauni elfu mbili, na wakati wote huo mimi nilikuwa namfundisha mtu mzima kushika kijiko upya, barua zao sikuzifungua hata moja, mpaka benki ikachoka na kuliuza deni kwa kampuni ya kukusanya madeni.

Tafadhali usinionee huruma hapo. Mama leo anatembea kwa fimbo, anapika supu yake ya kondoo na liki, lile jani la jamii ya kitunguu, bila kusaidiwa, na mimi ni fundi wa kuezeka paa, mwanamke peke yangu katika kikosi chetu, naezeka kwa vigae vya mawe ya milima yetu hii hii, na nikipita mjini naweza kukuonyesha kwa kidole mapaa ambayo mvua haijapenya tangu niyaguse. Sioni haya kwa chochote isipokuwa hili deni.

Sasa kampuni ile imekuwa ikipiga simu hadi kazini, sauti laini kabisa, "Bi Pugh, sisi tunataka tu kukusaidia," nami nakata, kisha Jumamosi moja wakamtuma mtu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga mfereji wa maji ya mvua, nikasikia mlango ukigongwa na mama akijikokota kwenda kufungua. Lazima ujue kwamba tangu augue mama husema neno moja moja, na Kiingereza kilimtoka karibu chote, akabakiwa na Kiwelisi chake.

"Nerys Pugh yupo?" mtu yule akauliza. "Natoka idara ya utekelezaji. Niruhusu niingie, mama, niangalie vitu vilivyomo, haitachukua muda."

"Kadi," mama akasema.

Akamwonyesha kadi. Mama akaisoma taratibu, mbele na nyuma.

"Karatasi ya mahakama."

"Ya mahakama sina, mama, lakini ningependa tuelewane kwamba..."

"Huna, basi huingii." Kwa Kiingereza, Shangazi, sentensi nzima. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kona ya nyumba na mfereji mkononi, nikasimama hapo hapo kumsikiliza. "Binti yangu ana kazi. Ana anwani. Andikeni barua."

"Tutarudi," yule bwana akasema.

"Mrudi na adabu."

Akafunga mlango, akaenda kuketi, na ilibidi nimletee maji kwa sababu maneno yale yalikuwa yamemmaliza nguvu, lakini uso wake ulikuwa uso wa mama yangu wa zamani, yule aliyekuwa akiongoza kwaya.

Habari zikamfikia Mjomba Idwal, kaka yake mama, ambaye ana kondoo wengi na maoni mengi zaidi. Akaja Jumapili baada ya ibada, akala keki, akasema, "Nitalilipa lote kesho asubuhi. Ila unarudi chuo. Msichana mwenye kichwa kama chako hawezi kuzeekea juu ya ngazi."

"Na kama naipenda ngazi, Mjomba?"

"Ukiipenda ngazi, ujilipie mwenyewe."

Kazini nako yuko Dilwyn, mwenzangu, yeye ananiambia, "Wewe kaa kimya tu. Usiandike, usilipe hata peni moja. Ikishapita miaka sita tangu benki idai pesa zake, mahakama haiwasikilizi tena." Nimeuliza, na ni kweli imebaki miezi tu. Lakini nikikaa kimya mama ndiye anayefungua mlango, na mimi sijalelewa kujificha nyuma ya pazia. Nilipomuuliza mama nifanye nini alinigusa kifuani kwa kidole akasema, "Wewe," basi.

Nichukue pesa za mjomba, nijifiche na Dilwyn, au nifanye nini?

Nerys, Blaenau Ffestiniog


SHANGAZI EIRLYS ANAJIBU:

Nerys, mpelekee mama yako salamu zangu kabla hujasoma mstari wa pili. Wanasheria wanalipwa kusema alichokisema mlangoni, na wengi wao hukisema kwa maneno mengi zaidi.

Mama yako alikuwa sahihi kabisa. Mkusanya madeni si dalali wa mahakama. Anaweza kugonga na kuuliza, kama mtu yeyote, lakini hana haki ya kuingia kwako, hana haki ya kugusa hata kikombe, na akiambiwa aondoke aondoke. Na hiyo "idara ya utekelezaji" aliyoitaja kwa mwanamke anayepona kiharusi ilikuwa ya kumtisha tu. Usiliache lipite. Iandikie kampuni malalamiko: siku aliyokuja, aliyoyasema, hali ya mama yako. Waambie wasipige tena simu kazini kwako, wasimtume mtu nyumbani, kila kitu kije kwa maandishi. Wasiporekebisha, yuko msuluhishi wa malalamiko ya fedha, na huduma yake hulipii.

Sasa nikugombeze kidogo. Kumuuguza mama yako ilikuwa heshima. Kuacha barua zirundikane miaka yote hii, hata baada ya mama kusimama, hiyo haikuwa heshima, mwanangu, kilikuwa kiburi. Ungefungua moja tu ungejua kwamba ungeweza kuiambia benki, "Nauguza, sina kipato," na huenda riba ingesimamishwa. Wewe ulisomea hesabu. Hesabu yako mwenyewe ukaikimbia.

Pesa za mjomba usizichukue. Si kwa sababu yeye ni mtu mbaya, anakupenda kwa namna yake ya kuudhi. Lakini benki ilitaka pauni zako, yeye anataka miaka yako, na hakuna mahali popote ninapoona kwamba umeomba kurudi chuo. Siku ukitaka mwenyewe, milango ipo. Mshukuru mbele ya mama yako, mkatie keki nyingine, umwambie hapana.

Dilwyn naye hajakosea sheria, na wala sitakuita mwizi ukiitumia, maana imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe pia. Lakini hakukueleza nusu ya pili. Kabla miaka sita haijatimia wanaweza kukupeleka mahakamani, na mara nyingi huamka hapo mwisho mwisho. Karatasi ya mahakama ikija ukaiacha mezani na nyingine, watapata hukumu bila wewe kusema neno, na hapo ndipo dalali wa kweli anaweza kutumwa. Kwa hiyo, uchague lolote au usichague kabisa, karatasi ya mahakama unaijibu kwa wakati. Hilo halina mjadala.

Hivi ndivyo utakavyofanya. Jumatatu, kabla ya kuiandikia kampuni chochote kuhusu deni lenyewe, piga simu kwa shirika la ushauri wa madeni linalosaidia bure. Nasema bure, anayekutoza ili akusaidie kulipa deni ni mdai mwingine tu. Nasema kabla, kwa sababu ukikiri deni kwa maandishi au ukilipa hata kidogo, ile miaka sita inaanza kuhesabiwa upya, na uamuzi huo uufanye macho yakiwa wazi. Kisha waandikie kampuni wathibitishe deni: mkataba, taarifa za akaunti, ada zote. Iandikie na benki ueleze miezi ya ugonjwa.

Wakikuonyesha kwamba deni ni halali, na ukaona moyo wako hautatulia mpaka umelipa, na mimi nimeshaona kwenye barua yako moyo ulivyo, lipa. Lakini lipa kama fundi, si kama mshtakiwa. Toa kwanza chakula, makaa na mahitaji ya mama, kinachobaki ndicho unachowapa. Ukiwa na akiba, wape kiasi pungufu mara moja kumaliza yote, kwani makampuni haya hununua madeni kwa bei ya chini sana na mengi hukubali. Usitume hata peni kabla hawajakubali kwa maandishi. Namba ya kadi yako usiitaje kwenye simu, hata sauti iwe laini namna gani.

Wewe hujafilisika na hujaiba. Ulikopa ukiwa mtoto, ukageuka mlezi kabla deni halijalipwa. Ingia kwenye hili ukiwa umesimama wima.

Shangazi Eirlys


NERYS AMETUANDIKIA TENA, nasi tunachapisha kwa idhini yake:

Shangazi, kampuni imemwomba mama radhi kwa maandishi, na mama ameiweka barua yao juu ya piano ambapo kila mgeni lazima aione. Benki imefuta riba na ada za miezi ya ugonjwa, na kampuni ikazitoa kwenye deni. Kwa kilichobaki niliiambia kampuni nitatoa nusu yake na kidogo, kutoka akiba yangu ya mshahara, nikasubiri maandishi, yakaja, nikalipa. Dilwyn anasema mimi ni mjinga. Nimemwambia ni ujinga wangu na nimeulipia.

Mjomba Idwal hakuwa amesema nami tangu siku ile nilipomkatalia. Jana akapiga simu.

"Paa la zizi linavuja," akasema. "Unatoza kiasi gani?"

"Bei ya watu wote, Mjomba."

Nikamsikia akiwakemea mbwa wake waliokuwa wakibweka.

"Njoo Alhamisi," akasema.