Nyumba Ambayo Baba Hakuingia

Baba yangu,

Mvua imeshika hapa Nyamisangura, Tarime mjini, tangu asubuhi, na kila ikinyesha nakukumbuka ulivyolowa chapachapa nje ya nyumba yangu, umekataa kuingia.

Unakumbuka ilivyoanza? Wenzangu wa rika walipotoka jandoni kule kijijini Busawe, kila mmoja alijengewa nyumba yake. Mimi, kwa kuwa miguu hii haijawahi kunibeba, nilirudishwa kulala kwa mama kama mtoto. Jioni ulinibeba mgongoni kuniingiza ndani, nami ndevu zimeshaanza kuota. Niliona aibu sana, baba. Nawe ulijua.

Kisha dhahabu ikawaita wanaume, nawe ukaenda machimboni. Wenzako walirudi na pikipiki na redio za kutikisa kijiji. Wewe ulirudi na mabati.

"Hiyo nyumba ni ya nani sasa?" mama akauliza.

"Ya Chacha. Mwanaume hawezi kulala kwa mama yake."

Ukaijenga bila kizingiti, ili kiti changu cha magurudumu kipite. Ilipokamilika ulinisukuma mpaka mlangoni, ukaishia hapo. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyetoka jandoni, nami sikuwahi kufikiri kwamba mila hiyo ingenihusu na mimi.

Mvua ya kwanza, bati likavuja juu ya kitanda. Ukasimama nje unanyeshewa, unapiga kelele: "Vuta kitanda huku! Siyo huko, wewe! Dirishani!"

"Baba, si uingie tu!"

"Niingie wapi? Hapo ni kwako."

Nikakivuta mwenyewe, nikaanguka, nikajivuta tena kitini. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi.

Sasa natengeneza simu hapa Tarime. Kupata chumba ilikuwa kazi. Vizuri vilishajaa wachimbaji, na kwingine wenye nyumba walitazama miguu yangu, wakaniuliza nitaishi na nani. Mama Zuhura, muuza vitenge, aliuliza tu kama kiti kitapita mlangoni. Hakikupita. Akaita fundi, mlango ukapanuliwa na kizingiti kikavunjwa.

Lakini tangu ututoke, kaka Marwa hakunyamaza. Eti mlemavu hakai peke yake, watu watasema familia imemtupa. Jumamosi akaja na gari kunirudisha Busawe. Unamjua Marwa. Tangu utoto hajawahi kubisha hodi kwangu. Huingia tu, akaninyanyua kama gunia la mihogo. Niliposikia gari likisimama, nilishika kitanda kwa mikono miwili. Niliogopa, baba, maana nguvu za kushindana naye sina.

Akafika mlangoni, akasimama. Akatazama chini, pale palipokuwa na kizingiti.

"Kama alivyofanya mzee," akasema polepole.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Hodi, Chacha."

"Karibu, kaka."

Nilimchemshia chai mwenyewe. Alikunywa vikombe viwili huku akilalamika sukari haitoshi, akaniachia ndizi za mama, akaondoka na gari lake tupu.

Nakupenda, baba, na leo nimekukosa kuliko siku zote. Ungekuja ungegoma kuingia, najua. Basi ningekutolea kiti barazani, mahali pasiponyesha.

Mwanao, mwenye nyumba,
Chacha