Trela Yangu na Kiwanja Namba Tisa

Jumatatu, 14 Agosti 2023

Nina miaka themanini na moja. Nimeishi kuwapita kaka zangu wote, kiwanda cha mbao kilichotaka kunikata vidole, pikapu tatu, na daktari mmoja aliyenikataza chumvi. Yeye chumvi alikuwa hagusi. Yuko wapi sasa? Na Marlys, mke wangu, nimemzika, mwaka juzi, huko jangwa la Arizona tunakokimbiliaga theluji ikianza. Kwa hiyo mtu asinitishe na mti.

Shule niliacha mapema, kulikuwa na miti ya kukata. Naandika kama ninavyosema. Hakuna atakayesoma, ndio uzuri wake. Hakuna wa kubisha.

Leo hapa kambini, msituni, kulikuwa na sinema. Kaja jamaa anaitwa Brubaker, wa Texas, na trela ya kulala ndefu kama kanisa. Nikampa kiwanja namba kumi na mbili, kipana, hata mtu aliyelala angeingiza. Mkewe kasimama nyuma anapunga mikono kama anafukuza nyuki. Kushoto! Siyo kushoto kwako, kushoto kwangu! Kambi nzima ikatoa viti nje. Ndivyo tulivyo hapa. Jioni televisheni hatuna, tuna watu wanaorudi rivasi. Mimi mwenyeji wa kambi, mpokea wageni na mtunza viwanja, kiti changu kinakaa mbele. Ni haki yangu, mimi ndiye ninayeosha vyoo.

Akaingia, akatoka, akaingia, akatoka. Mwisho nikamwendea. Nikamwambia bwana, hiyo siyo ng'ombe, haisikii matusi. Akasema mzee, kama wewe fundi, panda wewe. Nikamwambia mimi nilikuwa narudisha malori ya magogo mlimani, juu ya barafu, baba yako hajaota ndevu. Watu wakacheka. Mkewe ndiye aliyecheka sana. Akaja kuingia jua linazama, trela imeinama upande mmoja, sahani zitawateleza mezani wiki nzima. Hongera zake.

Halafu Rochelle akaniharibia siku. Rochelle Pruitt ni afisa misitu, ndiye bosi wangu, ana umri wa viatu vyangu. Kasimama anautazama msonobari ulio juu ya trela yangu.

"Mzee Delbert, huu umekufa. Wadudu wameumaliza ndani."

Nikasema mbona umesimama?

"Umesimama kwa mazoea tu."

Nikasema basi tuko wawili. Hakucheka.

"Ijumaa wanakuja kuukata. Trela yako uihamishie namba tisa."

Tisa! Kuna jiwe kubwa upande huu, mti upande ule, na pa kuingilia pako kwenye kona yenye mtaro. Niliwahi kuona mke na mume wanafika pale wamevaa fulana za kufanana. Waliondoka kila mtu na gari lake.

Nikasema sawa. Nilisema kama mwanamume.


Jumanne, 15 Agosti

Vyoo. Mtu katupa nepi shimoni. Tangazo lipo, kubwa, lina hata picha. Wasomi hao.

Rochelle karudi asubuhi na kahawa, kikombe chake na changu. Nikajua kuna neno. Mtu wa serikali hakuletei kahawa bure.

"Mzee, unakumbuka mwaka jana moto ulivyovuka ule mlima. Tulitoa watu mbio mbio. Sasa kuna sheria, mwenyeji wa kambi lazima aweze kuitoa nyumba yake na kuiingiza kwingine. Ijumaa nitakuwepo niangalie."

Nikauliza, nisipoweza? Siyo kwamba sitaweza, nauliza tu.

Akatazama kikombe. "Kuna mume na mke kutoka Minnesota wanasubiri nafasi. Vijana vijana."

Vijana wa umri gani?

"Sitini na kitu."

Akauliza mara ya mwisho kurudi rivasi na ile trela ilikuwa lini. Swali gani hilo! Kiwanja changu cha sasa unaingilia huku unatokea kule, nilikichagua kwa akili. Jangwani ni uwanja mtupu, unasimama unapotaka. Mtu mwenye akili harudi nyuma ovyo. Akasema, "Yaani tangu Marlys?" Nikamwambia kahawa yake inapoa.

Basi ndiyo hivyo. Tisa ikinishinda, funguo za vyoo natoa, kibao cha MWENYEJI nang'oa, na haya magurudumu sina pa kuyaweka. Nyumba tuliiuza, mimi na Marlys, tuishi barabarani. Binti yangu yuko Spokane, ana chumba chini ya nyumba. Kina kapeti, na kidirisha kinachotazama tairi la gari la jirani. Kila akipiga simu ananiambia baba, chumba kipo. Nampenda sana. Chumba hicho siingii.

Namba nane yuko bibi mmoja wa Saskatchewan, ng'ambo ya mpaka, Ardith Kolb, anasafiri peke yake na kigari chenye kitanda. Mstaafu, alikuwa dereva wa basi la shule. Alisikia yote, kuta zake ni bati.

"Delbert, Ijumaa nitasimama nyuma nikuelekeze."

Nikamwambia asante mama, mimi sijawahi kuelekezwa.

"Na mkeo alikuwa anafanya nini pale nyuma?"

Alikuwa anasimama.

"Anasimama tu?"

Alikuwa anapenda hewa.


Jumatano, 16 Agosti

Nimeamka kabla ya wageni. Nina kigari cha takataka, kina kijitrela nyuma. Nikakipeleka namba tisa. Siyo mazoezi, nilikwenda kukagua udongo.

Nikarudi nyuma kidogo kuangalia udongo wa ndani. Kijitrela kikageuka kikanitazama usoni. Nikakaza usukani, nacho kikakaza. Kikaenda kugonga ule ubao wa kuonya watu juu ya dubu. Ubao ulikuwa umesimikwa vibaya tangu zamani, nimesema mara nyingi, hawasikii. Sasa dubu amelala chali.

Nikageuka, nani yuko pale? Ardith, na kanzu ya kulalia, na kikombe.

"Unafanya nini, Delbert?"

Nakagua udongo.

"Unasemaje?"

Mgumu.

"Na ubao?"

Nikamweleza kwamba kitu kifupi ndicho kigumu kurudisha, kinageuka haraka, trela ndefu inakupa muda. Kila dereva anajua. Akasema hiyo ni kweli kabisa. Nilichukia alivyokubali. Mtu umejiandaa kubishana halafu mwenzako anakubali, unabaki na maneno mdomoni kama mfupa.

Tukausimamisha ubao wote wawili. Akasema kwenye basi lake alikuwa na watoto sitini wanapiga kelele, na kila alipotaka kurudi nyuma alimshusha mmoja akasimame. "Siyo kwamba nilikuwa sijui kuendesha. Kisogoni sina macho."

Nikamwambia mimi ninayo.

Akamwaga masalia ya kahawa. "Basi jana yalikuwa yamefumba," akasema, "maana nilikupungia mkono kutoka nyuma hukuniona."

Mchana kazi kama kawaida. Kuna familia waliondoka wakaacha moto unafuka chini ya majivu. Niliingiza mkono nikasikia joto. Nikamwaga maji, nikakoroga, nikamwaga tena. Minnesota wangefanya hivyo? Labda. Kwa glavu.


Alhamisi, 17 Agosti

Shingo. Kushoto haigeuki. Kulia inageuka kwa mapatano. Ni mto wa kulalia, mbovu.

Brubaker anapita kiwanja kwa kiwanja anatangaza onyesho la kesho. Kaja mpaka kwangu kuomba kiti! Eti wageni wake wamezidi. Nikampa. Mimi ni mwenyeji.

Maharage.

Mwaka wa pili huu hakuna mtu anayenipigia kelele nyuma ya trela. Raha tupu. Kimya kizuri. Usingizi hakuna, ni haya maharage.


Ijumaa, 18 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya pikapu. Trela iko nyuma yangu, imekatiza barabara ya kambi yote, hakuna wa kupita wala wa kupitwa. Sijakwama. Nimepumzika.

Wakata miti wamefika zamani. Wamezima misumeno, wameegemea lori lao, wanatafuna kitu. Rochelle kakunja mikono. Viti viko barabarani safu mbili, na changu kimo, kakikalia Brubaker. Mkewe kakaanga bisi anagawa kama harusini.

Mara ya kwanza nilikwenda vizuri mpaka usawa wa jiwe. Hapo jiwe likanisogelea. Nikatoka. Brubaker akapaza sauti, "Mzee, hiyo siyo ng'ombe!" Ni maneno yangu, kayachukua bila hata kuomba.

Mara ya pili nikalikwepa jiwe, mti ukaja. Nikatoka. Palepale nikafungulia redio kwa nguvu, jamaa anasoma bei ya ngano. Nilikuwa nataka sana kujua bei ya ngano.

Mara ya tatu ni mtaro. Tairi moja la nyuma likabaki linaning'inia hewani, na ndani nikasikia kabati linafunguka, vikombe vya Marlys vinashuka kimoja kimoja. Bisi zikanyamaza. Hata Brubaker akasimama. Mama mmoja akasema Yesu wangu. Nikaitoa polepole, kidogo kidogo, mpaka tairi likakanyaga chini. Hakuna aliyepiga makofi. Ningependa wangecheka.

Ardith hakwenda kwenye viti. Tangu mwanzo alisimama nyuma, kando ya jiwe, mikono mfukoni. Nilimwambia asiseme neno na hakusema. Baada ya mtaro akaja akagonga kioo. Nikafungua ufa tu.

"Usukani unaujua," akasema. "Watu wachache nimewaona wanaujua hivyo."

Nikamwambia najua.

"Ila kila ukifika kwenye jiwe unasimama. Nafasi ipo, njia ipo, wewe unasimama tu. Ukija kugeuza umeshachelewa. Pale unasubiri nini, Delbert?"

Nikamwambia napumzisha injini.

"Injini haijachoka, mzee wangu."

Akarudi nyuma.

Nimekaa na hilo. Upuuzi. Usawa wa jiwe ndipo trela inapoanza kuimeza kona, ndipo unapogeuza. Hapo ndipo Marlys alipokuwa anapiga makelele. Sasa, Del! Sasa! Umekuwa kiziwi? Makelele ya bure. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nageuza palepale anapopiga kelele kwa bahati tu. Miaka arobaini ya bahati.

Rochelle naye kaja, upande wa pili. Kainama mpaka kofia ikagusa mlango.

"Mzee, hawa wa misumeno wana kazi nyingine. Nakupa mara moja tena. Ikishindikana leo nawapigia Minnesota, na sitaki kuwapigia. Umenisikia? Sitaki."

Nikamwambia sheria yako imesema niingize mwenyewe.

"Uendeshe mwenyewe. Haijasema asisimame mtu nyuma. Mimi mwenyewe nikirudisha lori la zimamoto namsimamisha mtu. Wewe umeona nani hapa kambini anarudi peke yake?"

Nilitaka kumjibu. Ningejitaja mimi, lakini nilikuwa nimekatiza barabara.

Kaniambia nipumue kidogo, ndiyo napumua, ndiyo naandika. Brubaker kaja naye, nikadhani anakuja kucheka. Kavuta viti vya safu ya mbele kwa mkono wake, kavirudisha nyuma, kaniachia nafasi ya kuzungusha pua ya pikapu. Akasema, "Polepole tu, mzee." Mkewe anamwambia nenda mbali na wewe, unamzibia kioo.

Nimezima redio, ngano itajijua. Kioo cha dirisha nimekishusha mpaka chini. Ni joto. Nimewasha injini.

Mambo yakienda vibaya, ijulikane jiwe lilikuwepo kabla yangu na mti vilevile, sikuvipanda mimi. Yakienda vizuri, mashahidi wapo. Rochelle Pruitt, afisa misitu, yuko mbele ya boneti, kaona kila kitu. Brubaker wa Texas, kuendesha hajui lakini macho anayo. Wakata miti wale, majina sijui, mmoja ana ndevu nyekundu. Na Ardith Kolb, namwona kwenye kioo cha kushoto, kando ya jiwe, mikono ameitoa mfukoni ameinyanyua juu. Huyo atakwenda Saskatchewan nzima kusema yeye ndiye aliyeniingiza.

Haya. Aseme.