Amenisubiri Kwenye Mkaratusi

Zuhra uko wapi? Shoga, nimeaibika mpaka sijui nilie au nicheke.

Leo kulikuwa na mbio za darasa la tatu shuleni kwa Asnath. Mwanangu kaongoza tangu mwanzo, peku, wenzake wako nyuma huko. Mimi niko pale mwisho kwenye utepe, kitenge nakipunga juu, napiga vigelegele kama niko harusini.

Sasa si unaujua ule mkaratusi wa barabara ya Titye? Kila asubuhi tukikimbia mimi na yeye, anayetangulia lazima amsubiri mwenzake pale, tumalizie pamoja. Sheria niliweka mimi mwenyewe, maana mtoto ananiacha kila siku!

Basi mbio zenyewe zikapita palepale. Akafika kwenye mti, akasimama. AKASIMAMA, Zuhra! Kageuka nyuma, mikono kiunoni, anaangalia barabara.

Nikapiga kelele, "Asnath kimbia! Mama niko huku!" Wapi, hanisikii. Wakampita wawili, wakampita watano, yeye kasimama tu. Nikazidi kupunga kitenge.

Mwalimu Didas kaniuliza, "Huyu nani kamfundisha kusimama?" Nikajifunga kitenge changu, shoga, kama sijasikia.

Kafika wa mwisho, analia. Nikajua analilia zawadi. Kumbe wapi. Kanishika kitenge, ananikagua magoti, ananiuliza, "Mama, nimekusubiri sana. Umeanguka wapi?"