Zaghlul, Rudi Kwenye Foleni

Mdogo wangu Zaghlul, uliye huko Aleksandria,

Nakusalimu kwa mapenzi na kwa ugomvi. Mimi nasema, mkamwana wangu Ibtihal anaandika. Nyati-maji wetu wa kukamua kazaa dume. Magoti yananiuma, nimechoka.

Nasikia umeacha kupima damu. Eti unamwambia mkeo, "Nilimeza vidonge miezi mitatu, homa ya ini imekwisha, wanitafutie nini tena?" Mpumbavu wewe! Virusi viliondoka, makovu yakabaki kwenye ini, na saratani inaweza kuota humo. Daktari anasema kuna alama katika damu inayoweza kuonya mapema, kabla hujasikia maumivu.

Mimi nimepima, na alama yangu imepanda. Ibtihal kaacha kuandika, analia. Andika, binti, sijafa! Jumatatu wananipiga picha ya ini, ndipo watajua.

Unakumbuka foleni ya sindano za kichocho? Ulikuwa na miaka sita, unatetemeka. Nikakwambia, "Mimi kwanza, utaona haiumi." Sindano ikatoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwako, hata kuchemshwa haikuchemshwa. Tangu nijue ugonjwa ulipita hapo, nautazama mkono huu kwa hasira.

Basi njoo Jumapili, nitakuchinjia bata. Kesho yake twende kliniki pamoja watutoe damu sote wawili. Nitanyoosha mkono kwanza, wewe utazame.

Dada yako anayekutukana kwa sababu hana kaka mwingine,
Fakiha